Kusili mifuko bila kuchoma nyumba: mwongozo kwa mfungashaji mdogo

"Fundi, mashine inanukia kama kitu kinaungua, ni kawaida?" "Plagi yake ina miguu miwili, naichomekaje?" "Naweza kuiacha imewashwa nikaenda kula?" "Nipandishe hadi namba ngapi?"

Maswali haya kuhusu mashine ya kusili, yaani ya kuziba mifuko kwa joto, hunifikia karibu kila wiki kutoka kwa watu wanaofungasha karanga, unga wa lishe, viungo, kahawa, dagaa na ubuyu. Wengi wanafanyia kazi chumba cha uani au fremu (chumba cha duka) ya mlango mmoja. Nimechoka kujibu kipande kipande, kwa hiyo majibu yote nayaweka hapa. Soma mara moja kabla hujachomeka mashine, kisha ubandike hatua zenyewe ukutani.

Jambo moja ulijue mapema. Mashine ya kusili yenyewe mara chache ndiyo inayoanza kuwaka. Kinachoanza ni plagi iliyolegea, ekstensheni iliyobebeshwa mzigo, au lundo la mifuko lililosogezwa karibu "ili kazi iende haraka". Na saa mbaya kuliko zote ni pale unapoipa mashine mgongo.

Ijue mashine yako

Ya kubana kwa mkono (au kwa mguu) ina waya bapa unaopata joto pale tu unapobonyeza, kwa sekunde moja hivi. Ukiachia, umeme unakatika kwenye waya. Hivyo ndivyo mashine isiyo mbovu inavyofanya. Chini ya mkono kuna swichi ndogo, na ikinasa, waya unaendelea kupata moto huku wewe ukidhani umemaliza.

Ya mkanda, ile inayopokea mfuko upande mmoja na kuutoa upande wa pili umeshazibwa, ina joto muda wote. Kidhibiti chake mara nyingi kinafika nyuzi joto 300 (Selsiasi). Hutahitaji kufika huko.

Ya kubana kama pasi ya nywele, inayopendwa na wauza kahawa kwa mifuko ya kaki, nayo ina joto muda wote. Tena haina mahali pake pa kukaa, kwa hiyo watu huilaza popote.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Meza ya chuma, ya saruji au yenye vigae juu. Meza ya plastiki haifai, na mbao iliyofunikwa kitambaa au mkeka haifai zaidi.
- Soketi ya ukutani yenye ethi (njia ya kupeleka ardhini umeme uliovuja) inayofanya kazi, mahali ambapo mkono wako unafika bila kupita juu ya mashine.
- Plagi ya miguu mitatu iliyofungwa na fundi umeme.
- Mtungi wa kuzimia moto. Kwa chumba cha chakula napendekeza wa hewa ya kaboni (CO2) karibu na mashine, kwa sababu hauachi unga juu ya bidhaa, na wa poda kavu karibu na mlango. Kama pesa inatosha mmoja tu, nunua wa poda.
- Kitambaa kikavu cha pamba na brashi laini.
- Kitambaa cha akiba cha tefloni (ile ngozi ya kahawia inayofunika waya). Ni bei ndogo, na kukosekana kwake ndiko kunakowafanya watu waendelee kusili na kilichochanika.
- Ndoo ya chuma ya taka za mifuko, iwe mbali na meza.

Mtungi uwe na kibandiko cha ukaguzi ambacho muda wake haujapita, na mshale wa kipimo uwe kwenye kijani. Wa hewa ya kaboni kwa kawaida hauna kipimo, unakaguliwa kwa kupimwa uzito. Mtungi uliofichwa nyuma ya magunia hesabu kwamba huna.

Hatua za kazi

1. Weka mashine mahali pake. Acha kama mita moja kila upande bila maboksi, mapazia, roli za plastiki wala magunia. Kaa ukiwa na mlango upande wako. Mashine isikae kati yako na mlango, maana ikiwaka hutataka kuupita moto ili utoke. Kama unakaanga karanga kwa gesi, mtungi wa gesi usikae chumba kimoja na mashine. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini na kujikusanya, na swichi ndogo ya mashine hutoa cheche kila unapobonyeza.

2. Nyoosha umeme. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo fremu nyingi zinapoponea au kuangamia.

Mashine nyingi zinakuja na plagi ya miguu miwili au ya miguu iliyopinda, na soketi zetu ni za matundu matatu ya mstatili. Nimeona watu wakichokonoa tundu la juu kwa kalamu au kijiti ili lifunguke, kisha wanasukuma miguu miwili humo. Inawaka, ndiyo. Lakini miguu imelegea, umeme unaruka kwenye uwazi mdogo, na uwazi huo unapata joto saa baada ya saa mpaka plastiki ya soketi inageuka kahawia. Halafu bati lote la mashine halina ethi. Mlete fundi akate plagi ile na afunge ya miguu mitatu: waya wa kijani na njano kwenye ethi, wa bluu kwenye nyutro, wa kahawia kwenye laivu. Kama waya wa mashine una nyuzi mbili tu na mwili wake ni wa bati, mwambie abadilishe waya mzima.

Ndani ya plagi kuna fyuzi. Zinazouzwa na plagi huwa za ampea 13. Mashine ya wati 400 inatumia chini ya ampea 2, kwa hiyo fyuzi ya ampea 3 au 5 ndiyo inayoendana nayo. Ukiacha ya 13, waya mwembamba unaweza kuungua kabla fyuzi haijakatika. Kufunga fyuzi kwa karatasi ya sigara au uzi wa waya sitaki hata kulijadili.

Sasa ekstensheni. Ya kawaida inabeba kama wati 3,000 kwa jumla, tena ikiwa ni nzima na nene. Piga hesabu: mashine ya mkanda wati 600, jagi la umeme 2,000, pasi 1,200. Umeshafika 3,800. Mashine ya kusili ichomekwe ukutani peke yake. Ikilazimu ekstensheni, iwe na kitu hicho kimoja tu, na uikunjue yote, kwani waya uliozungushwa kwenye kibiringo unahifadhi joto lake wenyewe na kujiyeyusha ndani kwa ndani.

3. Kagua kabla ya kuchomeka. Angalia waya mzima kwa macho na vidole: palipokatika, palipobanwa na mguu wa meza, palipotafunwa na panya. Kisha angalia kitambaa cha tefloni. Kikiwa na tundu au kimeungua kuwa cheusi, badilisha. Plastiki inayogusa waya ulio wazi inanata, inaungua, inatoa moshi. Mwisho bonyeza mkono wa mashine mara tatu bila umeme, na usikie ule mlio mdogo wa "tiki" wa swichi inavyoingia na kutoka. Kama hausikiki ukiachia, usichomeke.

4. Anza na joto la chini. Kwenye mashine ya mkono weka namba 2, jaribu mfuko mtupu, panda nusu namba kwa nusu namba mpaka mfuko uzibe bila kukunjamana. Kwenye ya mkanda anza nyuzi 120 au 130, subiri ifike, jaribu, panda kumi kumi.

Namba chache za kukuongoza: plastiki laini ya mifuko ya karanga inayeyuka karibu nyuzi 110. Ile inayong'aa na kukwaruza masikioni ukiishika inayeyuka karibu 160. Kwenye mashine ya mkanda kidhibiti huwekwa juu ya hapo kidogo, kwa kuwa mfuko unapita haraka. Kwa upande wa pili, karatasi inashika moto ikizidi nyuzi 230 hivi, na kitambaa cha tefloni kimetengenezwa kwa ajili ya nyuzi 260. Kupita hapo unakiunguza, na moshi wake unaumiza mapafu na kuleta homa inayofanana na mafua. Ukijikuta unaelekea 250 ili mfuko uzibe, tatizo haliko kwenye joto. Shuka, kisha nenda sehemu ya matatizo huko chini.

5. Futa mdomo wa mfuko. Unga, mafuta ya karanga au pilipili ya kusaga ikibaki kati ya kuta mbili za plastiki, mfuko hauzibi. Mtu anapandisha joto. Hauzibi tena. Anapandisha tena. Ule unga sasa unaungua, unashikamana na tefloni kama mkaa, na kila mfuko unaofuata unapita juu ya mkaa huo. Tumia faneli yenye shingo ndefu wakati wa kujaza, kisha futa ndani kwa kitambaa kikavu.

Unga una hatari nyingine ambayo watu hawaiamini mpaka waione. Unga mwembamba ukitimka hewani unaweza kushika moto ghafla, wote kwa mara moja. Usipepete, usikung'ute magunia wala kufagia kwa nguvu wakati mashine ina joto. Jaza upande mmoja wa chumba, sili upande mwingine.

6. Weka mezani mifuko ya dakika kumi tu. Mingine ikae kwenye boksi lake, nje ya ile mita moja. Iliyozibwa nayo iondoke. Mkanda ukinasa mfuko mmoja na nyuma yake kuna hamsini zimejipanga, umeuandalia moto kuni.

7. Pumzisha mashine. Ya mkono haikutengenezwa kwa mfululizo wa saa nne. Ukiona namba ileile iliyokuwa inaziba vizuri asubuhi sasa inatoboa mifuko, mashine imekusanya joto. Punguza namba, au pumzika dakika kumi na kunywa chai. Kununua ya mkanda kwa kazi kubwa ni nafuu kuliko kuchosha tatu za mkono.

8. Ukiondoka, chomoa. Simu, mteja mlangoni, swala, mtoto analia: chomoa plagi ndipo uende. Swichi ya mashine peke yake haitoshi.

Na kuna hili la umeme kukatika, au Luku (umeme wa kulipia kabla) kuisha katikati ya kazi. Giza linaingia, unachukua simu, unatoka kununua token, unakutana na jirani, mnaongea. Umeme unarudi. Mashine iliyokuwa imewashwa inaanza kupata joto upya bila mtu, labda na mfuko umenasa humo. Kwa hiyo umeme ukikatika, jambo la kwanza ni kuchomoa plagi, hata kabla ya kutafuta tochi. Kwa ya mkanda, ukishachomoa, toa mfuko ulio katikati ya vyuma vya moto. Kama gurudumu la mkanda linafikika, lizungushe taratibu kwa mkono mpaka mfuko utoke. Usiingize vidole.

9. Safisha ikiwa imepoa na imechomolewa. Hapa najitaja mwenyewe. Nikiwa bado mwanafunzi wa ufundi nilichukua kitambaa chenye thina nikafuta mkanda uliokuwa ndiyo kwanza umesimama. Mvuke ulishika moto kabla kitambaa hakijagusa vizuri. Nyusi za upande wa kulia zilichukua wiki kadhaa kurudi. Thina, spriti, petroli na vitakasa mikono vyote vinatoa mvuke unaowaka hata katika joto la kawaida la chumba, na chupa yake isikae kabisa kwenye meza hiyo. Plastiki iliyoganda itoe kwa kitambaa kikavu au kijiti cha mbao mashine ikiwa na uvuguvugu tu. Kisu kinachana tefloni.

Wanaopaka mikono kitakasa kabla ya kushika chakula, subirini kikauke kabisa ndipo mguse mashine.

10. Zima kwa utaratibu. Ya mkono: chomoa, acha mkono wake wazi, basi. Ya mkanda inataka subira. Rudisha kidhibiti joto hadi sifuri, lakini acha mkanda unazunguka na feni inapuliza. Subiri kipimo kishuke chini ya nyuzi 100, ndipo uzime mkanda na kuchomoa. Ukizima vyote kwa pamoja mkanda wa tefloni unabaki umebanwa kati ya vyuma vyenye nyuzi 180, unaungua pale pale uliposimama, na kesho utaniita. Ile ya kama pasi ya nywele ilaze juu ya kigae au tofali mpaka ipoe, usiirudishe kwenye boksi ikiwa na joto.

11. Rudi baada ya nusu saa. Kabla ya kufunga fremu, pita tena. Gusa soketi kwa mgongo wa mkono, nusa hewa, tazama ndoo ya taka. Kipande cha kaki kilichochomeka pembeni kinaweza kufukuta muda mrefu kabla hakijatoa ulimi wa moto.

Mshumaa na hewa moto

Nitaulizwa tu, kwa hiyo nimalize. Kuziba mifuko ya barafu au karanga kwa mshumaa na kipande cha msumeno kunawezekana, vizazi vimefanya hivyo, lakini ni moto ulio wazi ukikaa sentimita mbili kutoka kwenye plastiki. Mashine ndogo ya mkono ni salama zaidi mara nyingi, na inaziba vizuri zaidi. Ukishaimudu bei yake, acha mshumaa.

Wanaoweka lebo za plastiki zinazosinyaa kwa joto kwenye chupa za asali au siagi ya karanga hutumia kifaa cha kupuliza hewa moto. Kile kinatoa hewa ya nyuzi mia kadhaa, moto kuliko mashine yoyote niliyotaja hapa. Kisimamishe mdomo ukiangalia juu, usikilaze mezani, na kabla ya kukizima kiache kipulize hewa baridi kama kina sehemu hiyo.

Moto ukitokea

1. Zima soketi na uchomoe. Kama moto umefika kwenye soketi, zima meini swichi. Usimwage maji kwenye kitu chenye umeme.
2. Piga kelele watu watoke.
3. Kama moto ni mdogo, haujapita meza, na mlango uko nyuma yako, tumia mtungi: vuta pini, elekeza chini kwenye chanzo cha moto na si kwenye ndimi zake, bonyeza, peperusha kushoto na kulia. Mtungi wa kilo 2 unaisha kwa sekunde kama kumi, kwa hiyo usianze kuupuliza ukiwa mbali. Wa hewa ya kaboni usishike ile pembe yake, inaganda mkono. Ukimaliza toka nje upate hewa.
4. Moto ukibaki baada ya mtungi kuisha, ondoka na ufunge mlango nyuma yako. Moshi wa plastiki unaangusha mtu haraka kuliko moto wenyewe.
5. Piga 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, hapa Tanzania. Kenya piga 999 au 112. Taja mtaa, alama inayojulikana, na kwamba kuna plastiki na umeme, pia gesi kama ipo.

Umeme ukishakatwa kabisa, mifuko na karatasi zinazowaka unaweza kuzimwagia maji. Karai la mafuta ya kukaangia, kamwe.

Aliyeungua, tiririsha maji ya kawaida juu ya jeraha kwa dakika 20. Plastiki iliyoganda kwenye ngozi usiibandue, hospitali wataitoa. Dawa ya meno, asali na mafuta ya kupikia viacheni jikoni.

Matatizo yanayojirudia

*Inanukia kuungua siku ya kwanza.* Mashine mpya inaweza kutoa harufu hafifu kwa dakika chache, mafuta ya kiwandani yanapokauka. Ikidumu kupita hapo, au ukiona moshi, chomoa. Harufu ya samaki au ya plastiki kali kutoka upande wa ukuta ni ya soketi, hiyo si kawaida hata siku ya kwanza.

*Mfuko hauzibi hata nikipandisha.* Kagua kwa mpangilio huu: uchafu kwenye mdomo wa mfuko, tefloni iliyochakaa, mpira wa juu uliobonyea katikati, kisha aina ya mfuko. Mifuko mingine ya kaki haina plastiki ndani, ni karatasi tupu. Hiyo hata ukiifikisha nyuzi 300 haitaziba, itawaka tu.

*Taa ya mashine ya mkono haizimiki nikiachia.* Swichi imenasa. Chomoa sasa hivi, usiigongegonge ili iachie. Kubadilisha swichi ni kazi ya robo saa kwa fundi.

*Fyuzi inakatika mara kwa mara.* Inakuambia kuna kitu, huenda waya wa kupashia unagusa bati kwa kuwa tefloni ya chini imetoboka. Usiweke fyuzi kubwa zaidi.

*Joto la mashine ya mkanda linapanda lenyewe kupita nilipoweka.* Kihisi joto kimechomoka kwenye chuma chake au kidhibiti kimekufa. Mashine haijui tena ina joto kiasi gani. Isimamishe kazi mpaka itengenezwe, hata kama oda ni ya kesho asubuhi.

*Plagi inapata joto.* Uvuguvugu hafifu sawa. Kama huwezi kuishika ukahesabu hadi kumi, au kuna alama ya kahawia kuzunguka tundu, soketi hiyo imeshakwisha. Badilisha soketi na plagi vyote viwili, kwa sababu mguu ulioungua utaharibu soketi mpya ndani ya mwezi.